Sultani Amerudi Kwao

Nimemrudisha punda wa watu. Ndiyo, yule. Usijifanye hujasikia, Lamu nzima imesikia, na ambao hawakusikia waliona.

Hebu sogea kwanza nikae. Polepole. Kuna mahali amenipiga teke, na penyewe si pa kutaja mbele ya chai ya watu.

Mambo yalianza na bafu. Mama watoto amechoka kuoga nyuma ya mabati huku Wiyoni. Akasema mama yake anakuja Krismasi kutoka Nyahururu, na mama yake haogi nyuma ya mabati. Sawa. Mchanga nikanunua, ukaja na mashua, ukamwagwa gatini. Hapo ndipo mtu wa bara unakumbuka uko wapi. Kwetu ungepigia mwenye pikapu simu. Hapa pikapu ina masikio. Mji wenyewe UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vya watu wa zamani waliokuwa wembamba. Ukinyoosha mikono umegusa nyumba mbili. Gari halipiti. Anayepita ni punda, na anapita akitaka.

Sasa wenye punda wanatoza kwa kila mzigo. Nikapiga hesabu, nikaona mchanga utakuwa ghali kuliko bafu. Ndipo mzee mmoja wa Langoni tunayekutana kwenye kahawa, sote tunamwita Ami, akanionea huruma.

"Mchukue Sultani, mwanangu. Lakini mchukue pamoja na Zuhura. Hawa hawajazoea kulala mbalimbali."

Nikamwambia Ami, mmoja anatosha. Si adabu hiyo? Mtu akupe kitu bure, halafu wewe uchukue viwili? Sisi tulilelewa. Tena wawili wanakula mara mbili.

Jina Sultani lenyewe lingenishtua. Halikunishtua.

Uchochoro wa kwanza kulikuwa na maji chini, ya mtu aliyemwaga baada ya kuosha vyombo. Maji ambayo kuku anavuka bila kuangalia. Sultani akaangalia. Akasimama. Nikavuta kamba. Nikasukuma. Nikabembeleza kwa Kiswahili, nikagomba kwa Kikuyu, nikamaliza na kile Kiingereza changu cha kuombea kazi. Wapi! Nyuma yetu foleni inaota. Kijana ana rukwama ya barafu ya samaki, inayeyuka akiniangalia. Mama ana sinia la mahamri kichwani. Watoto wa madrasa. Halafu watalii, na hao ndio walioniua, maana walitoa simu. Sasa hivi huko Ujerumani kuna mtu ananitazama nimekumbatia kiuno cha punda, na hanijui hata jina.

Katoto kamoja ka madrasa kakanifundisha. Eti farasi akiogopa anakimbia, punda akiogopa anasimama afikirie kwanza. Usimsukume, msubiri amalize. Amalize? Mimi kazini nikisimama nifikirie wananiandikia barua.

Nikaona basi nimpande, pengine akiona nimekaa juu ataniheshimu. Nikaketi katikati ya mgongo, kifua mbele, kama polisi wa farasi pale Nairobi. Mtaa ukalipuka kicheko. "Kaa nyuma, baba! Nyuma!" Kumbe vijana wa hapa hata kwenye mashindano ya Maulidi wanapanda bila tandiko, na wanakaa huko nyuma kabisa karibu na mkia. Nani aliniambia? Hakuna. Nilipoanza kujivuta nyuma, Sultani naye akaamua amemaliza kufikiria. Aliondoka. Mimi nilibaki.

Hiyo ni mchana. Usiku sasa.

Saa tisa za usiku, mji kimya, hata muadhini hajaamka, Sultani anaelekeza uso upande wa Langoni anaanza. Ule mlio unatoka chini kabisa, unapanda, unakwaruza, unakatika ukidhani umekwisha, halafu unaanza upya. Jirani wa kwanza aligonga ukuta. Wa pili aligonga mlango. Wa tatu hakugonga, aliingia tu. Nimesimama sebuleni na shuka kiunoni, naomba radhi kwa niaba ya mnyama ambaye si wangu, na mama watoto yuko chumbani anacheka na mto mdomoni. Nilimsikia.

Na kula? Majani nimenunua kwa pesa, hayataki. Anayanusa, ananitazama, anageuza shingo. Lakini katoni anakula. Ratiba ya mtihani ya kifungua mimba wangu alikula. Shati langu la kanisani, lile jeupe, alikula mkono mmoja akaacha mwingine nibaki na uamuzi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kuhusu punda hawakusema kitu. Wangesema, ningesikiliza.

Halafu usiku mmoja, kimya. Nikalala usingizi mtamu ajabu. Alfajiri natoka, naona kamba imetafunwa, Sultani hayupo. Presha ikapanda. Watu wa hapa punda wao wanazurura usiku mjini, hakuna anayestuka, lakini hao ni wa kwao. Huyu ni wa dhamana. Nikakumbuka zile habari za ngozi. Si unajua punda wa Kenya walikuwa wanachinjwa, ngozi zinakwenda China kuchemshwa ziwe dawa, wanaita ejiao? Serikali ikapiga marufuku kuchinja mwaka 2020, mwaka uliofuata mahakama ikatengua, na mwaka 2024 wakuu wa nchi za Afrika wakakubaliana hiyo biashara ya ngozi ikomeshwe bara zima. Wezi wanasoma maazimio? Nikajiona niko mbele ya Ami, namweleza kwamba Sultani amegeuka kidonge.

Nikakimbia hadi Langoni na kandambili. Huyo hapo! Amesimama mlangoni kwa Ami, ameweka shingo juu ya shingo ya Zuhura, anatafuna majani. Majani yale yale! Ami alikuwa barazani na kikombe chake. Hakusema neno. Akanikabidhi kamba mpya.

Pale nikakata shauri. Huyu arudi kwao rasmi, kwa maneno, mbele ya mwenyewe. Hotuba nikaiandaa usiku kucha, na usingizi wenyewe haukuwepo.

Siku ya kurudisha nilidhani nitamvuta. Nilipogeuza tu uso wake kuelekea Langoni, tobaa! Mtu aliyekuwa akisimama kufikiria alitoka mbio. Yale maji aliyoyakataa aliyaruka. Mimi niko nyuma, nimeshika kamba kwa mikono miwili, kandambili moja imebaki njiani, naita "pole, samahani, pole" kwa kila ninayemkanyaga. Kufika Mkunguni, pale mbele ya ngome, wazee wa kahawa wakanyanyua vichwa. Mmoja akauliza kwa sauti, "Ati nani anamrudisha mwenzake?" Kahawa ilimwagika siku hiyo.

Kwa Ami nikatoa hotuba. Kusimama njiani, nikasema. Kelele usiku. Shati. Teke. Ami alisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akaita, akatoka kijukuu chake, msichana, hata meno ya mbele hana. Katoto kakaliza ulimi mara moja tu, tk! Sultani akakafuata. Kakamwaga ndoo ya maji chini, Sultani akapita juu yake. Kakaomba mguu, Sultani akainua kwato kaikague. Nilitamani uchochoro uwe mpana nipate pa kukimbilia.

"Huyu ndiye mwenye tabia mbaya?" Ami akauliza.

Nikasema, leo amebadilika.

Akamshika mgongo. Akatulia. Akainama akatazama karibu, manyoya yalikuwa yametoka na nyama inaonekana.

"Shogi la mchanga ulilitandikia nini chini?"

"Gunia, Ami."

"Gunia tupu?"

"Hukunipa tandiko, Ami."

"Hukuuliza, mwanangu."

Sasa hilo nalo ni kosa langu? Ukiazimwa kitu si unapewa na vifaa vyake?

Hakunidai pesa. Angenidai pesa ningekuwa mtu mwenye furaha. Alisema kila asubuhi, kabla sijaenda kazini, nipite nimchukue Sultani nimpeleke hospitali ya punda mpaka kidonda kifunge. Ipo pale ufukoni tangu 1987, na inatibu bure. Bure! Mimi nikiumwa jino nauza simu.

Basi ndiyo safari zangu siku hizi. Mchanga mwingi bado uko gatini, watoto wameufanya uwanja, na maji yakijaa unapungua. Mama mkwe ameshakata tiketi. Mimi niko foleni, na wenye punda wote wananisalimia kwa jina ambalo si langu. Na sijaenda na Sultani peke yake. Nilipomshika kamba asubuhi ile ya kwanza aligoma mlangoni, akafikiria, akafikiria, mpaka Ami akamfungulia Zuhura naye aje. Kwa hiyo wawili. Mmoja kulia, mmoja kushoto, na uchochoro unajua upana wake.

Bwana wa dawa alifungua daftari.

"Huyu kidonda nimekiona. Na huyu jike, anaumwa nini?"

"Haumwi. Amemsindikiza mwenzake."

Akanitazama, kandambili moja, mkono mmoja wa shati.

"Na wewe?"

"Mimi nimewasindikiza wote."