Swala Aliyekosa Saa za Kunyonyesha

Masika yaliposhika, Mama Swala alijifungua vichakani, bondeni mwa Mto Mara, upande wa Nyakunguru. Umande haujakauka, mtoto alikwishasimama na kutafuta chuchu. Mama mkwe akamzuia.

"Hayo ya njano ni machafu, mkamwana. Yakamue, tungoje meupe."

Yakamwagwa. Ng'ombe wa zizi moja la Nyakunguru, aliyekuwa akishuka mtoni kunywa, akasimama. "Mnamwaga dang'a? Kwetu mchungaji huamka usiku wa manane kuhakikisha ndama ameipata. Ndama anayeikosa hakawii kuugua." Mama mkwe akamwambia mambo ya zizini yaishie zizini.

Siku ya tatu maziwa yakashuka kwa wingi. Lakini palizi haikungoja. Kila alfajiri Mama Swala alimficha mtoto kwenye nyasi ndefu, akapanda mlima wa pili kupalilia mahindi, akapitia kuni, akateremka mtoni kuchota maji, akarudi jua linazama. Matiti yalikuwa yamejaa hadi yanauma, yanavuja njiani. Mtoto naye amelia hadi sauti imekauka.

"Maziwa yako hayamtoshi," mama mkwe akasema, akakoroga uji wa mtama. Mtoto akalala fofofo. Kesho yake akanyonya kidogo tu, maana tumbo lilikuwa na uji; na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Wiki ya pili yakapungua kweli, ikaonekana mama mkwe alisema sawa. Hapa ndipo roho inaponiuma kila nikiisimulia hekaya hii, kwa sababu mama huyu maziwa alikuwa nayo.

Mbweha akapita na makopo yake ya maziwa ya unga kutoka soko la Nyamongo. "Haya yana nguvu kuliko ya kwako," akasema. Wakauza mtama wa akiba, wakanunua kopo moja. Ili lidumu, wakawa wanatia kijiko kimoja mahali pa viwili, na maji ya kukorogea waliyachota mtoni pale pale wanapogaagaa nyati. Kopo halijafika nusu, mtoto akaanza kuharisha.

Baraza likaitwa chini ya mkuyu. Korongo, mhudumu wa afya, akafungua picha zake, akasema mambo ya kweli tupu: mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, apate dang'a, miezi sita asionje hata tone la maji, kisha aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Akaongeza kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 64 katika kila 100 wa chini ya miezi sita Tanzania wananyonyeshwa maziwa ya mama pekee.

"Sasa wewe, mama, kwa nini uwe katika hao 36?"

Wote wakamgeukia.

"Hayo yote nayajua," Mama Swala akajibu. "Nilifundishwa kliniki. Naomba mniambie ninyonyeshe saa ngapi."

Kanga, anayeokota punje karibu na ofisi za mjini, akaeleza kuwa sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, na akirudi kazini hupewa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

"Mimi mwajiri wangu nani?" Mama Swala akauliza. Kanga akatazama chini.

Bibi Tembo alikuwa kimya muda wote. "Baba mtoto yuko wapi?"

"Shikamoo, bibi," Bwana Swala akaitika kutoka juu ya kichuguu. "Niko hapa, nalinda mpaka wangu. Maji na palizi ni kazi za wanawake."

"Marahaba. Mimi hubeba mimba miezi 22, na sijawahi kulea peke yangu. Nikinyonyesha, dada zangu na binti zangu wamenizunguka. Mnamuuliza mwenzenu maziwa yamekwenda wapi? Yamekwenda mlima wa pili, yamekwenda kuni, yamekwenda mtoni."

Akagawa kazi. Palizi wangesaidiana majike wa kundi zima kwa zamu. Maji na kuni vikawa vya Bwana Swala. Bibi Tembo hakumkemea mama mkwe. "Wewe umelea wengi, mikono yako inamjua mtoto kuliko ya kwetu. Leo mpelekeni zahanati. Akipata nafuu, kila akilia mbebe umpeleke kwa mama yake, popote alipo." Korongo akaongeza kuwa akiwekwa kifuani mara nyingi, usiku na mchana, maziwa yatarudi.

"Na uji?" mama mkwe akauliza.

"Na ndoo hii mpaka lini?" Bwana Swala naye akadakia.

"Mtoto akitimiza miezi sita," Bibi Tembo akasema, "mama yako atukorogee uji. Maji yake utachota wewe."