Washauri wa Kozi, Kombani

Hapa Kombani mtoto akipata C+ kwenda juu katika KCSE, washauri hawakosekani. Wanaokosekana ni wa kulipa karo. C+ ndiyo ruhusa ya kuomba shahada, na tovuti ya KUCCPS ya kuombea vyuo ikifunguliwa tu, kila aliyeshika kikombe cha kahawa chungu pale barazani ni profesa. Yote wanayoyasema huletewa mimi, kwa kuwa ni mjomba. Sisi Wadigo zamani mjomba ndiye aliyekuwa na neno juu ya watoto wa dadake. Hata mali yake walirithi wapwa, si wanawe. Siku hizi urithi umeshika njia nyingine na neno langu hasikii mtu, ila karo bado inajua mjomba anakaa wapi.

Ninaloteta ni hili: washauri wetu huchagua kozi kwa kutazama nini kimepita barabarani. Ujanani mwangu ilikuwa hoteli. Diani ilijaa Wajerumani, basi mzazi wa Tiwi asiye na mwana anayesomea hoteli alionekana hana mipango. Ikaja 1997, vurugu za Likoni, watalii wakatoweka, na vijana wakarudi nyumbani na vyeti vyao vya upishi wakaja kukaanga mihogo. Mihogo mitamu, sikatai.

Halafu titaniamu. Shehena ya kwanza iliposafirishwa kutoka Likoni mapema 2014, baraza zima likageuka kuwa la wanajiolojia. Watu wasioweza kutofautisha kokoto na korosho walikuwa wakitaja zirkoni kama jina la shemeji. Watoto wakaambiwa wasome miamba. Wengine wakasoma kweli, wakahitimu, na Desemba 2024 mgodi ukafungwa kwa kuwa madini yenyewe yamekwisha. Hakuna mshauri hata mmoja aliyeomba radhi. Walihama tu.

Wamehamia uchumi wa buluu. Hawa hawa waliowachapa watoto wasiende ufuoni, wakisema uvuvi ni kazi ya walioshindwa na shule, leo wanataka mpwa wangu aende Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, akasome samaki miaka minne, kisha arudi amweleze babake pweza anakaa wapi. Babake amevua pweza tangu kabla ya mtoto kuzaliwa.

Na kama hilo halitoshi, kuna klasta, alama ambazo KUCCPS huzitumia kupanga watoto kwenye kozi. Wanachukua masomo manne, wanayachanganya na jumla ya mtihani mzima, wanapitisha kwenye kipeuo cha pili, inatoka namba isiyovuka 48, yenye mkia wa desimali. Mzee mmoja aliposikia mtoto ana thelathini na nane nukta kadhaa, akampa pole ya kufeli. Anayeielewa hesabu hiyo kikamilifu hapa kwetu ni kijana wa saiba peke yake, na yeye chuo alikiacha mwaka wa pili.

Kwani mwenyewe amesema anataka nini? Hilo swali barazani halikuulizwa. Wakati walikuwa wanao, tangu alasiri hadi adhana ya magharibi. Nikamuuliza mimi, pembeni.

"Aktuaria, mjomba."

Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Baadaye akanifafanulia: kampuni za bima na mifuko ya pensheni hutaka mtu wa kukadiria watu wataishi muda gani, wangapi watakufa mwaka gani, ili zijue za kutoza na za kulipa. Nairobi kozi hiyo ipo, na yataka hisabati kavu. Hisabati anayo. Nikaona afadhali: kufa hakufungwi Desemba kama mgodi.

Kosa ni kwamba mama yangu, bibi yake, alikuwa pale akimenya mbaazi.

"Wasema atajua watu watakufa lini?"

"Si mtu mmoja mmoja, bibi. Kwa wingi wao."

"Kwa hivyo anasomea uganga."

"Ni hesabu, bibi."

"Na mburuga ni nini, kama si hesabu?"

Mpwa wangu akanitazama nimsaidie. Nimsaidie vipi? Yule mganga anayepiga mburuga kule juu, njia ya Mkongani, naye anatoza ada kwanza, anauliza umri, anauliza wazee wako walikufa na nini, ndipo anakupa jibu ambalo huwezi kumshtaki nalo. Ukiondoa tai na kiyoyozi, sioni pa kuvitenganisha.

Mama hakukasirika hata kidogo. Alifurahi. Uganga ni kazi isiyosubiri watalii, wateja wake huja wenyewe, na Kwale sifa hiyo tunayo mpaka nje. Alichosikitikia ni miaka minne. Marehemu nduguye alimaliza kwa miezi. Kufika jioni habari ilikuwa imeteremka hadi Ng'ombeni. Mtoto hajapangiwa chuo, barua hajaiona, na jana asubuhi jirani amekuja na kuku mweupe, ameketi ukumbini, anataka kujua mumewe amebakiza muda gani, maana kuna watu wanaulizia lile shamba la minazi.