Bendera Haijazi Viti

Tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways iliruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York, na Rais Uhuru Kenyatta akaiaga kwa shangwe. Saa 15 angani, viti 234, hotuba zisizo na idadi. Hesabu, lakini, ni jeuri kuliko wanasiasa. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na ndege iliyobeba mafuta ya kuvuka Atlantiki hulazimika kupunguza mzigo mwingine. Faida yenyewe hukaa mbele, kwenye vile viti 30 vya daraja la biashara. Sisi wa nyuma, na mabegi yetu ya unga na majani ya chai, tunachangia mafuta tu. Na hao wa mbele wakipata tiketi nafuu kupitia Addis Ababa au Doha, uzalendo huishia kaunta. Bado kila jirani anataka njia yake: Uganda Airlines ilianza kwenda London Mei 2025. Waheshimiwa mawaziri, safari ijayo pandeni, ila tiketi nunueni kwa fedha zenu.