Inchi 18 Mjini Bukavu

Gurudumu la gari ni chuma na mpira vinavyogawana nafasi moja, na nafasi hiyo haiongezeki kwa kuwa mwenye gari amepata fedha. Imekwisha pangwa na fenda, springi na usukani. Rimu ikipanda kutoka inchi 15 hadi 18, inchi hizo tatu zimekatwa kwenye mpira. Hesabu ni ileile Stuttgart na Bukavu. Ila Stuttgart hakuna anayeuliza mpira uliokatwa ulikwenda wapi, na Bukavu swali hilo huulizwa na shimo la kwanza.

Mfano mzuri ni Mercedes-Benz E ya umbo la W210, ile yenye taa nne za mviringo mbele, iliyotengenezwa kuanzia 1995 hadi 2002. Matoleo yake ya kawaida yalitoka kiwandani yakiwa na matairi yaliyoandikwa ubavuni 205/65 R15. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 133 za mpira na hewa kati ya rimu na barabara. Herufi R ni alama kwamba nyuzi za ndani zimepita kama miali kutoka katikati, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi zima lina kipenyo cha milimita 648 hivi. Anayetaka inchi 18 bila kuvuruga kipenyo hicho huchukua 235/40 R18: upana umeongezeka sentimita tatu, kipenyo cha nje kimebaki milimita 645, na ubavu umeshuka hadi milimita 94. Karibu sentimita nne za starehe zimeondoka, na gari bado halijatoka gereji.

Vitabu vya magari vina sababu zao: tairi pana lenye ubavu mfupi hutii usukani upesi na hushika kona vizuri gari likienda kasi. Kona Bukavu zipo tele, kwa kuwa mji huu, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville, ulijengwa juu ya rasi tano zinazoingia Ziwa Kivu na kwenye vilima vilivyo nyuma yake. Kasi ndiyo haipo. Kwa hiyo sababu halisi ni Jumamosi. Jumamosi msafara wa arusi hushuka Avenue Patrice Lumumba polepole, honi zikilia, mpiga video akiwa ametoa kiwiliwili nje ya gari la kwanza, kamera ikitazama nyuma. Kutoka hapo kamera huona grili, taa na magurudumu. Mercedes ya inchi 15 hukodishwa kubeba mashangazi. Ya inchi 18 hubeba bibi arusi. Anayeyaita hayo majivuno hajawahi kulinganisha bei za kukodi.

Matairi mapya ya kipimo hiki ni ghali, hivyo wengi hununua yaliyokwisha tumika, yaliyovuliwa magari ya Ulaya au ya Ghuba. Umri wa tairi umeandikwa ubavuni, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Penye 2315 tairi lilizaliwa wiki ya 23 ya mwaka 2015. Zikiwa tatu tu, ni la karne iliyopita. Liamkiwe na liachwe lipumzike. Mpira huzeeka hata ukiwa na meno yake yote: hukauka, kisha hupasuka nyufa nyembamba ubavuni, ambazo polishi nyeusi ya muuzaji huzificha vizuri. Si kwamba biashara hiyo haina ukaguzi. Upo mmoja, mkali sana, nao ni wa dola. Muuzaji huinua noti kwenye mwanga, huipapasa kingo zote nne, na akikuta mchaniko wa kadiri ya unywele huirudisha. Tairi lenye mchaniko wa kadiri ya kidole, lililolala miguuni pa muuzaji na mnunuzi, halimshughulishi mtu.

Baada ya tairi huja matundu ya rimu, na hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Rimu ya Mercedes hii hufungwa kwa boliti tano zilizopangwa juu ya duara lenye kipenyo cha milimita 112. Ya Toyota Crown au Mark II hufungwa kwa nati tano juu ya duara la milimita 114.3. Milimita mbili na nukta hazionekani kwa macho, na kwa kuwa mji umejaa Toyota, rimu zinazopatikana upesi ni za Toyota. Gari lenyewe hujaribu kukataa: kitovu cha Mercedes kina kipenyo cha milimita 66.6, na tundu la kati la rimu ya Toyota lina 60.1, kwa hiyo rimu hugoma kuingia. Mtu wa kawaida angeliona hilo kuwa jibu. Fundi huliona kuwa mwanzo wa mazungumzo. Rimu hupelekwa kwa mwenye mashine ya kuchonga vyuma, tundu hupanuliwa, rimu hurudi, kitovu huingia, na boliti hushika kwa shingo upande. "Papa, inaingia," fundi husema. "Inaomba tu nyundo kidogo."

Boliti iliyoingia kwa nyundo hutoka bila kuombwa. Kichwa cha boliti ya Mercedes kina tako la mviringo linaloketi katika kishimo cha mviringo. Rimu nyingi za madukani zina kishimo chenye umbo la pia, na vitu hivyo viwili vikikutana hugusana kwenye mstari mwembamba tu. Kiwandani iliamriwa boliti zikazwe kwa nguvu ya Nm 110, zisizidi sana wala zisipungue. Kipimo cha gereji ni fundi kupanda juu ya mpini wa spana na kurukaruka hadi aseme basi, hivyo nguvu ya kukaza hutegemea fundi amekula nini mchana. Kasoro ya duara hunyamaza mjini, ambako gari linatambaa. Huanza kusema siku linapopata lami ndefu: usukani hutetemeka, vioo hutetemeka, na abiria wa mbele huanza kusifu redio kwa sauti kubwa.

Kuvalisha tairi kwenye rimu ni kazi ya kwado, mtu wa kuziba pancha aliyekaa kando ya barabara na kompresa, beseni la maji na vyuma viwili vya kupenyeza. Vyuma hivyo vimekulia kwenye rimu za chuma, ambazo hazijali mkwaruzo. Kwenye alumini iliyopakwa rangi ya fedha huacha alama kuzunguka ukingo wote, na mwenye gari husimama karibu akivuta pumzi kila chuma kinapozama. Kisha huja tatizo la hewa. Tairi pana lenye ubavu mfupi halikai lenyewe kwenye rimu. Hewa huingia kwenye valvu na kutokea pembeni. Kwado anayejua kazi huzungusha kamba katikati ya tairi, huingiza kipande cha nondo kwenye kamba, na huisokota hadi tairi libanwe kiunoni na midomo yake itanuke iguse rimu pande zote mbili. Hapo hewa hushika. Husikika mshindo mmoja, halafu wa pili, na watoto waliokuwa wakitazama hurudi nyuma hatua kadhaa na kurejea palepale. Kwa haki, hakuna mtu katika safari nzima ya rimu hizi anayeijua kazi yake kuliko huyu, na ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote.

Gari likishushwa kutoka kwenye jeki, huonekana vizuri kweli. Hilo likubaliwe. Magurudumu hujaza fenda, kiuno cha gari hushuka machoni, na Mercedes iliyopita miaka ishirini hurudisha ujana mpaka pale usukani unapokunjwa hadi mwisho. Kila rimu ina kipimo cha umbali kati ya uso unaogusa kitovu na mstari wa katikati ya upana wake, kilichoandikwa ET na milimita. Namba hiyo ikiwa ndogo kuliko ya kiwandani, gurudumu husogea nje. Ikiwa kubwa, huingia ndani na kulamba springi na shokamzoba. Rimu zilizonunuliwa kwa kutazamwa hazikuulizwa ET yake. Kwenye mzunguko wa Place de l'Indépendance tairi la mbele hukwaruza plastiki ya ndani ya fenda kwa sauti ya kuchana kitambaa, na abiria wanne wakikaa nyuma, la nyuma hukata ukingo wa fenda. Tiba inayojulikana ni kukunja ukingo huo kwa ndani kwa mpini wa jembe, rangi ikipasuka kidogo. Mvua za Septemba huukuta ufa huo, na kabla hazijakatika mwezi wa Mei kutu imekwisha kupanda hadi mlangoni.

Mvua zina mengine pia. Tairi pana huelea mapema juu ya maji, kwa sababu uzito uleule umetandazwa juu ya eneo kubwa zaidi na maji hukosa njia ya kutokea. Juu ya udongo mwekundu wa vilima vya Bukavu, ambao ukinyeshewa huteleza kuliko sabuni, tairi jembamba huzama likatafuta pa kushika, ilhali pana huteleza juu kwa heshima kuelekea mtaroni. W210 ya kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye mteremko wenye matope, kwa hiyo, mbele huenda na nyuma hufuata kwa njia yake, na teksi kuukuu yenye matairi membamba hupita hapo ikipiga honi ya salamu.

Lakini mwalimu mkuu ni shimo. Shimo kavu huonekana na hukwepwa. Shimo lililojaa maji halina kina kinachojulikana, na dereva hulipima kwa kutazama gari lililo mbele linazama kiasi gani. Tairi la ubavu wa milimita 133 likiangukia ukingo wa lami hujikunja, hunyanyuka na huendelea. La milimita 94 hujikunja likaisha, na rimu hugonga ukingo kupitia tabaka mbili za mpira zilizobanwa. Nyuzi za ubavuni zikikatika hapo, hewa huusukuma mpira nje na nundu huota ubavuni, ngumu, ya ukubwa wa yai. Nundu haizibwi. Kwado atakataa, na akikubali ahamwe. Rimu nayo ina tabia yake: ya chuma hupinda, ikanyooshwa kwa nyundo palepale, ya alumini iliyosubiwa hupasuka, na hewa hutoka usiku kucha ili asubuhi gari likutwe limepiga goti. Kando ya mashimo mabaya zaidi husimama vijana wenye majembe wanaoyajaza udongo na vipande vya matofali, kisha hunyoosha mkono. Teksi huwatupia noti ndogo. Gari la inchi 18 husimamishwa, husalimiwa "Mukubwa", na huelezwa historia nzima ya barabara.

Wapo wanaodhani wamepata dawa: kuweka tairi nene juu ya rimu ileile, tuseme 255/45 R18. Ubavu hurudi hadi milimita 115 na gari huinuka karibu sentimita mbili, jambo ambalo Bukavu si dogo. Ila kipenyo sasa ni milimita 687, asilimia sita zaidi ya kile cha kiwandani. Nguvu ya kuvuta hupungua kwa kiasi hichohicho, na injini iliyokuwa ikipanda kwenda Kadutu kwa kuguna sasa hupanda kwa kulalamika. Spidomita nayo hudanganya: ikionyesha 60, gari laweza kuwa linakwenda karibu 64. Ndani ya mji uongo huo haumdhuru mtu, kwa kuwa 60 ni namba ya kwenye kioo tu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, mpaka ukiwa wazi, ni habari nyingine. Upande wa Rwanda lami ni laini, rimu hatimaye zafanya kazi zilizoundiwa, dereva hujisikia, na kamera za barabarani huhesabu kasi ya gari bila kuuliza spidomita inasemaje. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, na ziada hiyo imewaokoa wengi bila wao kujua.

Limebaki tairi la akiba. La inchi 15 lingefaa, maana kipenyo chake ni karibu sawa na cha 235/40 R18, lakini hufungwa kwa boliti za zamani, ambazo ziliuzwa pamoja na rimu za zamani. La inchi 18 halitoshi vizuri katika shimo la buti, hivyo husafiri kwenye kiti cha nyuma. Jumamosi haliwezi kukaa hapo, kwa sababu ya gauni. Huachwa nyumbani. Ndiyo maana si ajabu kumwona bibi arusi, kati ya Nyawera na kanisani, akihamishiwa gari la inchi 15 lililobeba mashangazi, na mmoja wa mashangazi akibaki kando ya barabara kulinda Mercedes.

Baada ya rimu ya kwanza kupasuka, zilizobaki huuzwa. Rimu tatu ni bidhaa ngumu: mnunuzi hutaka nne au hataki, na muuzaji huapa kuwa ya nne iko njiani kutoka Dubai. Rimu iliyopasuka huuzwa upesi zaidi kuliko hizo tatu. Hununuliwa kwa kilo na wasubu wa alumini, huvunjwa kwa nyundo, huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga, na rimu moja ya inchi 18 hutoa sufuria nzito na kifuniko chake.