Jiko la Shosho Limeingia Ziwani

Kwetu Kabazi safari huanzia jikoni, na huanza kwa mabishano. Ile ya Agosti ilizuka pale kitindamimba wetu alipotangaza kwamba darasani mwao kila mtu amemwona kifaru isipokuwa yeye. Baba Watoto akashikwa na haya. Mbuga ya Ziwa Nakuru iko hapo chini tu, imekuwa hifadhi ya vifaru tangu 1987, na wageni huvuka bahari kuja kuiona. Akatoa simu, akaingia kwenye mtandao wa serikali ambako siku hizi ndiko malipo ya mbuga hufanywa, akaanza kujumlisha: watu wazima, watoto, gari. Kila alipobonyeza, uso ulizidi kukunjamana.

"Na hawaruhusu kuingia kwa miguu," akasema, utadhani kuna aliyependekeza tukatembee katikati ya simba.

Kifungua mimba, kijana wa kidato cha tatu asiyeshindwa na swali lolote, akasema basi twende Menengai, kuchungulia shimo hakuna gharama kubwa. Shosho alikataa kabla hajamaliza. Amekua akisikia kwamba ule moshi unaofuka kule chini ni wa mizimu inayopika. Serikali ilipochimba visima na kusema ule ni mvuke wa kuzalisha umeme, Shosho alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama kuna mtu aliyeshuka akaangalia ni nani anayeuchemsha.

Binti akataja Ziwa Solai, maana ndilo jirani yetu. Pakawa kimya. Usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la shamba moja la Solai, lililokuwa mlimani juu ya makazi ya watu, lilipasua kingo likateremka na nyumba, na waliokufa walizidi 40. Shosho alihudhuria mazishi. Tangu hapo hapendi maji yaliyo juu ya watu, na Solai kwetu haitajwi kwa habari ya starehe. Binti mwenyewe aliinamia kikombe chake.

Ndipo Shosho akaweka chini chake, akasema, "Bogoria."

Miaka mingi nyuma chama chao cha kina mama kilikodi basi kikaenda huko, na habari za safari hiyo tumezisikia hadi watoto wanaweza kuzisimulia usingizini. Kwamba kando ya ziwa maji huchemka yenyewe, yakirushwa juu. Kwamba unatia mayai kwenye neti ya vitunguu, unayatumbukiza, mnaimba wimbo mmoja wa kanisani bila kuruka ubeti, unayatoa yameiva. Kwa hiyo, akaamua Shosho, hakuna kupika. Trei la mayai mabichi libebwe, mahindi mabichi, viazi vitamu vibichi. Gesi ya kazi gani, na Mungu amewasha moto bure?

Mimi ni mkaza mwana, na neno la mama mkwe juu ya chakula halina rufaa. Nilisema tu kwamba watoto watasikia njaa njiani. Shosho akanijibu kwamba zamani zao watoto walikuwa wakisikia njaa wakishafika. Usiku, yeye akisali, nikakaanga chapati kimyakimya nikazifunga kwenye leso.

Gari lilikuwa la jirani, lile kuukuu analobebea maziwa. Alilitoa kwa masharti mawili: liwe limerudi kabla ya alfajiri ya Jumatatu, na lisikimbizwe mlimani, kwa kuwa hunywa maji kuliko ng'ombe wake. Baba Watoto aliitikia lile la kwanza.

Tuliondoka Jumapili giza likiwa bado, kila mtu na sweta, Shosho na sweta mbili na kofia ya sufu. Asubuhi za Kabazi mwezi wa Agosti mtu hupuliza vidole. Lakini Bogoria iko mita 990 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na kutoka kwetu ni kushuka na kushuka. Tulipofika Mogotio, penye alama ya ikweta, sweta zote zilikuwa zimerundikwa juu ya trei la mayai, jambo ambalo baadaye lilionekana kuwa na umuhimu wake. Watoto walisimama mguu mmoja kusini mwa dunia, mwingine kaskazini, wakala chapati. Zote. Shosho aliwatazama wakila, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mkono naye akapewa.

Baada ya hapo ni mashamba ya mkonge, mistari na mistari, kisha migunga, vumbi jekundu na mbuzi waliolala barabarani kana kwamba walipewa hati ya kumiliki lami. Joto likaingia garini likakaa na sisi. Baba Watoto akaona ndio wakati wa somo. Akaeleza kwamba flamingo tuliokuwa tukiwasikia tangu utotoni kuwa ni wa Nakuru sasa wengi wamehamia tunakokwenda. Chakula chao ni ile mimea midogo ya kijani inayoota kwenye maji ya magadi. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakifura, Ziwa Nakuru likameza hata lango kuu la zamani la mbuga. Maji matamu yakazidi, magadi yakazimuliwa, flamingo wakaona sahani imekuwa nyembamba, wakaondoka.

"Kwa hiyo Bogoria nalo limefura?" akauliza binti.

"Kidogo," akasema baba yake.

Ningependa msomaji alikumbuke neno hilo.

Langoni tulilipa kwa serikali ya kaunti ya Baringo, tukapewa kijana wa kutuongoza, Mwendorois wa pale pale. Alimwamkia Shosho kwa kumwita Kogo, yaani shosho kwa lugha yao, naye akaitika kama aliyezaliwa pale Loboi. Tukaenda. Barabara ya zamani ya kando ya ziwa ilikuwa imeingia majini. Tulifuata nyingine, juu zaidi, penye mawe yaliyolifanya gari lilalamike. Ziwa likatokea, refu na jembamba, ukuta wa mlima ukiwa umesimama ng'ambo yake, na ufukweni utepe wa waridi uliokuwa ukisogea. Hata kifungua mimba alinyamaza. Kitindamimba akauliza vifaru wako wapi.

Shosho hakuwa na haja na ndege. Alishuka na kiondo chake, neti ya vitunguu mkononi, akatembea moja kwa moja mpaka penye maji, akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamishwa.

"Palikuwa hapa," akasema. "Na jiwe. Tulikalia jiwe."

Yule kijana akanyoosha kidole. Mbali kidogo, ndani kabisa ya ziwa, maji yalikuwa yakitokota na mvuke ukipanda.

"Jiko lako lile pale, Kogo. Limeingia ziwani."

Akaeleza kwamba chemchemi nyingi za zamani zimefunikwa hivyo. Wataalamu waliotoa ripoti kwa serikali mwaka 2021 walitaja mvua kuongezeka, udongo unaomomonyoka kutoka mashambani na kujaa maziwani, na ardhi yenyewe isiyotulia. Kwa hili la mwisho Shosho alikubali kwa kichwa. Mama yake alikuwa msichana kwenye shamba la mzungu kule Subukia siku ardhi ilipotikisika, tarehe 6 Januari 1928, tetemeko ambalo mpaka leo Kenya haijarekodi kubwa kulishinda, na alikuwa akieleza jinsi nchi ilivyopasuka mfereji mrefu ambao ng'ombe hawakuweza kuuvuka. Wakakaa chini ya mgunga, Shosho na yule kijana, wakalinganisha habari za wazee wao. Wazee wa kijana waliishi hapa hapa tulipotandika leso, wakiwaleta mifugo kulamba chumvi ya ziwa, mpaka miaka ya 1970 walipoondolewa ili pawe hifadhi. Walishtaki, na mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikasema walidhulumiwa. Shosho akauliza kama wamerudishiwa. Kijana akacheka bila furaha. Shosho, ambaye babake alilima ardhi ya mwingine maisha yake yote, hakuuliza zaidi. Akampa yai.

Bichi, bila shaka. Hatukuwa na jingine.

Njaa sasa ilikuwa imefika kwenye sauti za watoto. Kijana akatuonyesha kidimbwi kimoja kilichobaki nchi kavu, akatuonya tusikanyage pembeni kwa kuwa ganda la ardhi ni jembamba na chini yake maji hukaribia kiwango cha kuchemka. Kwa hiyo neti ilifungwa kwenye fimbo ndefu, na fimbo akapewa kifungua mimba kwa vile ana mikono mirefu. Mayai kumi na mawili ya kwanza yakashushwa. Shosho akaanzisha wimbo. Ubeti wa pili kijana wetu alitaka picha: yeye, fimbo, mvuke. Mkono mmoja ukaenda kwenye simu.

Neti ilizama taratibu, kwa heshima zote. Shosho aliendelea kuimba mpaka mwisho wa ubeti, kwa kuwa wimbo wa Bwana haukatizwi, ndipo akamgeukia mjukuu wake. Aliyosema alisema Kikuyu, na siwezi kuyaandika hapa.

Yaliyobaki kwenye trei yalikuwa salama kwa ajili ya zile sweta, ila matano yaliyopasuka na kunywewa na sufu ya Baba Watoto. Neti hatukuwa nayo. Tukatumia soksi. Za nani, tusiulizane. Zilikuwa safi zilipoondoka Kabazi. Mayai yakaiva kweli, laini, na harufu ya kibiriti, na kila mmoja alikula akiapa hajawahi kula yai tamu kama lile. Mahindi yalitoka nusu mabichi. Viazi vitamu tulirudi navyo.

Kabla ya kuondoka Shosho alitaka maji ya moto ya magoti. Ana magoti yanayojua mvua kabla ya redio. Mtungi wa lita 10 ukajazwa, kifuniko kikakazwa, ukawekwa miguuni pake.

Kupanda kurudi ndiko kulikotimiza utabiri wa jirani. Tulikuwa tumeipita Mogotio, mkonge pande zote, jua likielekea kuzama, Baba Watoto akilikimbiza gari, mara mvuke ukatoka mbele kuliko wote tulioulipia. Rejeta ilikuwa kavu. Akafungua boneti, akatazama ndani, akatazama barabara, hatimaye macho yake yakatua kwenye mtungi.

"Hapana," akasema Shosho.

"Mama, ni maji tu."

"Ni ya magoti."

"Magoti yatafikaje nyumbani bila gari?"

Swali lilikuwa zuri, na katika nyumba nyingine lingeshinda. Shosho aliupandisha mtungi mapajani akaukumbatia. Aliyemwokoa ni kifungua mimba, ambaye tangu mchana hakuwa ameongeleshwa na mtu: akasema maji ya Bogoria yana magadi, yakitiwa kwenye injini yataacha gamba jeupe ndani kama lile la kwenye sufuria, na jirani atatudai rejeta mpya. Mwaka mzima wa karo ya kemia ukalipa hapo hapo. Mwendesha boda mmoja akaenda kutuletea maji ya bomba kutoka kambi ya wafanyakazi wa mkonge, tukamlipa, na tukampa viazi vitamu.

Tulifika usiku sana. Jirani alikuwa amesimama langoni na tochi.

Asubuhi alikuja tena, safari hii kulalamika kwamba maziwa yake yamenuka mayai mabovu mpaka kituo cha kukusanyia. Alitukuta uani. Shosho alikuwa amemimina maji yake kwenye karai, akayapasha, akaingia ndani kuchukua kigoda. Na ng'ombe wetu, aliyekuwa amefunguliwa kwenda malishoni, alikuwa ameinamisha kichwa karaini akinywa kwa bidii ambayo hajawahi kuionyesha kwenye maji ya tangi. Tulimvuta kwa kamba, tukamvuta kwa mkia. Hakuinua kichwa mpaka alipolamba ukingo.

Jirani akasahau mayai. Yeye hununua chumvi ya mifugo kwa kilo, na analijua deni lake dukani. Akachovya kidole kwenye tone lililobaki, akakionja, akauliza yametoka wapi na kama yapo mengi.

"Ziwa zima," akasema Shosho, akikalia kigoda chake bila maji. "Gari unalo, mitungi unayo. Lakini wangu usiuchanganye na wa ng'ombe." Kisha, bila kugeuza kichwa upande wangu: "Na mwambie mama watoto wako akaange chapati. Huku watakaanga nyingine."