Boksi la Bibi Usalama

Msomaji mwenzangu unayeishi na mke, watoto, mama mkwe na shemeji chini ya bati moja, nakueleza wewe kwa sababu hutashangaa. Polisi walichukua runinga yetu.

Walikuwa wanatafuta vitu vilivyoibwa mtaa wa pili. Kijana aliyetajwa aliwahi kuonekana kijiweni akinywa kahawa na shemeji yangu, yule tunayemwita Waziri maana kazi maalumu hana ila vikao haviishi. Wakaja jioni pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Chumbani kwa Waziri wakakuta godoro na viatu. Wakahamia sebuleni, wakaona runinga ya inchi 32 na sabufa. Risiti iko wapi? Nani aijue risiti ilipo saa ile, mtoto mmoja analia, mwingine anamtajia afande majina ya kuku wetu wote?

Mke wangu, ambaye ndugu zake tangu utotoni wanamwita Hakimu, hakupandisha sauti. Alisimama mlangoni akasema hakitoki kitu bila karatasi. Na hiyo ni haki kabisa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka askari aliyepekua na kuchukua kitu atoe stakabadhi ya kukiri kukichukua, yenye saini ya mwenye mali au mwenye nyumba na ya mashahidi. Basi hati ya ukamataji mali ikaandikwa juu ya meza ya chakula, pembeni ya bakuli la maharage: runinga na namba zake, sabufa na spika zake, rimoti. Hakimu akataka hata mkwaruzo wa pembeni mwa kioo uandikwe. Ukaandikwa. Waziri akaenda nao kutoa maelezo, akarudi usiku huohuo na kumaliza maharage.

Risiti tuliipata asubuhi kwenye kopo la biskuti, pamoja na kadi za kliniki za watoto. Lakini risiti za mashine ya EFD huchapwa kwa joto, si kwa wino, na kopo lile linakaa juu ya kabati, karibu kabisa na bati. Karatasi ilikuwa nyeupe pe. Tukaipeleka dirishani, tukaimulika kwa tochi ya simu, tukaambulia nusu ya jina la duka. Ndugu yangu, ukinunua kitu, toa kopi ya risiti siku hiyohiyo.

Likabaki boksi. Lina stika yenye namba ileile iliyo mgongoni mwa runinga, na tulikuwa nalo. Ila lilishakuwa mali ya mama mkwe, Bibi Usalama, anayelala na funguo zote za nyumba chini ya mto. Ndani yake anatunza vitenge, na vitenge vya Bibi havihamishwi na mtu. Nilimwomba mimi, akamwomba mjukuu wake kipenzi. Jibu likawa moja: boksi haliendi kokote bila yeye. Tukapanda bajaji, Bibi kalipakata, vitenge vimo.

Kituoni, mpelelezi yuko mahakamani, njooni kesho. Kesho yake, mwenye ufunguo wa stoo ya vielelezo hayupo. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mimi naiita dhuluma. Kielelezo kikishapokelewa mahakamani hakitoki bila amri ya mahakama, na hilo nalikubali. Lakini vitu vya wizi vilishapatikana kwingine na Waziri hakushtakiwa kwa lolote. Jasho la familia lilale vumbini kwa sababu ya ufunguo? Mtu mmoja pale akaninong'oneza habari za hela ya soda. Bibi akasikia. Ukutani palikuwa na tangazo kwamba huduma ni bure. Akalisoma lote kwa sauti anayoimbia kwaya.

Mkuu wa kituo akatuita ndani, na namshukuru, alitusikiliza. Daftari la vielelezo likafunguliwa, runinga ikaletwa na lebo yake imefungwa kwa uzi, ikalazwa kifudifudi juu ya benchi. Bibi akasoma namba za kwenye boksi moja baada ya nyingine, askari akizifuata za mgongoni kwa kidole. Ya mwisho ilipolingana, Bibi akasema amina. Hakimu akalinganisha kila kitu na hati yake, rimoti ipo, mkwaruzo upo, ndipo akasaini kupokea.

Nilikuwa na hamu ya taarifa ya habari ya saa mbili. Waziri akaitisha kikao cha familia kujadili runinga ikae wapi, na kikao kikaamua, Hakimu akiridhia, kwamba mahali salama zaidi ni chumbani kwa Bibi. Rimoti iko chini ya mto pamoja na funguo. Saa mbili huko ndani ni tamthilia ya Kituruki, watoto wote wamejazana kitandani kwa bibi yao, na mimi habari nazisikiliza kwenye redio ya simu.