Ukibeba Bango, Beba na Daftari

Anza kwa kuchagua samaki. Ukiandamana kwa ajili ya "haki za wavuvi" kwa jumla, hata polisi anayekusindikiza hatajua unadai nini. New Zealand mwaka 2013 walijua: snapa wa pwani ya kaskazini-mashariki, yule wa rangi ya waridi ambaye familia za Auckland humfuata kwa vijiboti vyao siku za mapumziko. Wizara ilipendekeza, miongoni mwa njia kadhaa, kwamba mvuvi wa burudani aliyezoea kurudi nyumbani na samaki tisa kwa siku sasa arudi na watatu. Dai kama hilo linaenea kwenye bango, na mtoto wa darasa la kwanza analielewa.

Kisha piga kelele, tena kwa moyo wote. Wenzetu hao walijaza mikutano na wakaimwagia wizara makumi ya maelfu ya maoni. Septemba mwaka huohuo waziri Nathan Guy akatangaza samaki saba badala ya watatu, na fungu la wavuvi wa burudani likapanda kutoka tani 2,550 hadi 3,050. Atakayekuambia maandamano ni kazi bure, mtajie hizo tani 500.

Ila usianze kushangilia kabla hujalisoma tangazo mpaka mstari wa mwisho. Snapa wa kubeba nyumbani, ambaye awali alitakiwa afike sentimita 27, sasa alitakiwa afike 30. Mgawo wa kampuni za uvuvi ukabaki palepale, tani 4,500. Na kwa meli za biashara kipimo cha snapa ni sentimita 25, maana yake mzee mwenye mshipi mmoja anamrudisha majini samaki ambaye meli ya nyavu za kukokota inaruhusiwa kumpeleka sokoni. Hilo linaniuma. Kelele ziliwakinga watu wasinyang'anywe, lakini sahani ya mkubwa hazikuigusa.

Sasa lile jambo ambalo waandamanaji wengi hulisahau: daftari. Kabla ya zogo hilo, mwaka 2011 hadi 2012, maelfu ya wavuvi wa New Zealand walifuatiliwa kwa simu mwaka mzima waeleze walichovua. Hesabu hiyo ndiyo iliyofichua kwamba wanavua kupita fungu lao, na ndiyo hiyohiyo iliyoonyesha kwamba fungu lenyewe lilikuwa dogo mno kwa umati unaolitegemea. Bila hesabu, waziri angekuwa na hasira za watu tu mezani pake, na hasira hazipimwi kwa tani.

Usidai siku za kuvua peke yake. Ghuba ya Mexico, Marekani, mwaka 2017, wavuvi wa boti binafsi walipewa siku tatu tu kumvua snapa mwekundu katika maji ya serikali kuu. Samaki walikuwa wameongezeka na kunenepa, hivyo kilo za mgawo zilijaa upesi. Tena majimbo yalifungua maji yao kwa muda mrefu na kuumega mgawo uleule. Malalamiko yakapanda kutoka Texas hadi Florida, wizara ya biashara ikaongeza siku 39. Furaha ilikuwa kubwa, lakini wizara yenyewe ilikiri kwamba kikomo cha mwaka kingepitwa kwa mbali. Watetezi wa mazingira wakaenda mahakamani, na nadhani walikuwa na haki: siku hizo zilikopwa kwa samaki wa miaka ijayo.

Louisiana ilikuwa imeshika njia nyingine. Tangu 2014 jimbo hilo liliwahesabu snapa wake lenyewe, kwa kuwahoji wavuvi gatini na kwa simu, likijua kila wiki mgawo umebaki kiasi gani. Kuanzia 2020 majimbo yote matano ya Ghuba yalipewa kila moja fungu lake na mamlaka ya kupanga msimu wake. Hapo siku zilipatikana bila kukopa.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujapaka rangi bango, andika: tarehe, mahali, saa ulizokaa, urefu wa kila samaki, na wangapi uliwarudisha. Mtafiti akikupigia simu siku uliyorudi mikono mitupu, usimwongezee hata mmoja kwa kuona haya. Mwambie sifuri.